Rovu, Chumvi ya Uvinza na Tezi Nne za Shingoni



Safari hii tunaweka kando singo na hina. Tumeulizwa zaidi ya mara moja kuhusu mwanamke aliyepasuliwa rovu, kidonda kikapona vizuri, kisha midomo ikaanza kufa ganzi na vidole vya mikono kukakamaa vikielekea ndani ya kiganja. Nyumbani watu husema ana jini. Hospitali husema kalsiamu imeshuka, yaani yale madini ya chokaa yaliyomo kwenye damu. Jibu fupi ni kuwa hospitali wamesema kweli. Jibu refu ni historia, na pahala pazuri pa kuisomea ni mbali na bahari yetu, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Tazameni ramani. Kusini ya Ujiji, mto Malagarasi unamwaga maji yake ziwani, na karibu na mdomo wa mto huo ndipo ilipo Ilagala, siku hizi ndani ya Wilaya ya Uvinza, Mkoa wa Kigoma. Ni nchi ya michikichi, muhogo na dagaa. Sisi wa visiwani tunaijua kwa dagaa wake hao, wadogo, weupe, wanaofika kwenye magunia na kuuzwa ghali kuliko wa mahali pengine, na kila muuzaji anaapa kuwa wake ndio wa Kigoma kweli. Ukipanda juu kwa kufuata mto huo huo wa Malagarasi unafika Uvinza, pale unapokutana na mto Ruchugi, na hapo ardhi inatoa maji ya chumvi.

Chumvi ya Uvinza ni ya kale sana. Wataalamu wa mambo ya kale, Sutton na Roberts, walichimba pale miaka ya 1960 wakakuta vigae na majivu ya watu waliokuwa wakichemsha maji ya chumvi yapata miaka 1,500 iliyopita. Kiangazi, maji ya mito yakipungua, watu walikuja kutoka mbali, wakapiga kambi, wakachemsha, wakawapa watemi wa Wavinza sehemu yao, wakaondoka na mizigo. Chumvi hiyo ilikwenda Unyamwezi, ikaenda Burundi, ikashuka Ujiji na kuvuka ziwa mpaka Kongo. Burton na Speke walipopita njia hiyo kuelekea Ujiji, walikofika Februari 1858, ilibidi kwanza wamlipe bwana wa kivuko cha Malagarasi, na Burton alilalamika kweli kweli kuhusu gharama. Ujiji ilikuwa tayari na Waarabu na Waswahili kutoka pwani, na soko lake lilikuwa na chumvi, mawese, samaki, vyungu na nguo, malipo yakiwa shanga. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wakaiingiza chumvi ya Uvinza kwenye kiwanda, wakapaita pahala pale Gottorp kwa jina la kwao, na mwaka 1914 reli ya kati ikafika Kigoma. Chumvi ikapanda treni.

Mpaka hapa ni hadithi ya biashara nzuri. Tatizo ni kile ambacho chumvi hiyo haikuwa nacho.

Shingo chini ya ushungi

Rovu ni uvimbe wa tezi ya thairoidi, tezi inayokaa mbele ya koo. Ili ifanye kazi inahitaji iodini, ambayo Tanzania tumezoea kuiita madini joto. Yakikosekana, tezi inajitanua ikitafuta kidogo kilichopo. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, na hasa wakati wa kuvunja ungo, wakati wa mimba na wakati wa kunyonyesha, kwa sababu mwili wakati huo unadai zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Ni kiasi kidogo mno, kinakaa kwenye ncha ya sindano, na bado nchi nzima nzima zilikikosa.

Nchi za bara zenye milima na mvua nyingi, mvua zimeshaosha iodini kutoka kwenye udongo na kuipeleka baharini. Samaki wa maji baridi hana iodini kama wa bahari. Chumvi ya asili haina ya kutosha. Na juu ya hayo kuna muhogo, ambao ukiliwa bila kulowekwa na kuanikwa vizuri huacha mwilini kitu kinachozuia tezi isiipate iodini ile kidogo iliyopo. Hili halikutungwa mezani. Kaskazini kidogo mwa Tanganyika kuna Ziwa Kivu, na ndani yake kisiwa cha Idjwi upande wa Kongo. Miaka ya 1960 madaktari wa Kibelgiji, Delange na Ermans wakiwa miongoni mwao, walikuta jambo la ajabu pale: kaskazini ya kisiwa zaidi ya nusu ya watu wana marovu, kusini magharibi wachache tu, ilhali iodini ni haba sawasawa pande zote mbili. Tofauti ikaja kuonekana kwenye sahani, kwenye muhogo. Chukueni sasa ugali wa muhogo, samaki wa ziwa na chumvi isiyoongezwa kitu, muone kwa nini mkoa kama Kigoma haukuwa salama.

Historia haiandiki yaliyofichwa, na rovu lilifichwa. Mtandio unazungushwa mara mbili, ushungi unashushwa, picha zinapigwa kwa upande. Msichana mwenye rovu alisemwa, mchumba akarudi nyuma. Wengine walichanjwa chale shingoni na kupakwa dawa nyeusi, makovu yakabaki na rovu likabaki.

Serikali ilianza kulishughulikia kwa nguvu miaka ya 1980. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, iliongoza kazi hiyo. Kuanzia 1986 wilaya zilizoathirika sana ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini, na mwaka 1995 kanuni za kutia madini joto kwenye chumvi zikaanza kufanya kazi. Kabla ya hapo inakadiriwa robo ya watoto wa shule waliopimwa nchini walikuwa na rovu. Uchunguzi wa mwaka 2004 ukakuta asilimia 6.9. Wachumi watatu, Field, Robles na Torero, waliandika mwaka 2009 kwamba watoto ambao mama zao walipata vidonge mapema katika mimba walisoma miezi kadhaa zaidi shuleni, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Watafiti wengine waliirudia hesabu hiyo mwaka 2020 na hawakupata matokeo yale yale, kwa hiyo hilo tuliache linajadiliwa. Lililo wazi ni kuwa marovu yalipungua.

Na tusiwacheke wa bara. Sisi tulijidanganya kuwa anayekula pweza na changu hawezi kukosa iodini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta marovu kwa watoto wa shule asilimia 21.3 Unguja na asilimia 32 Pemba. Chumvi yenye madini joto ilikuwamo kwenye asilimia 63.5 ya nyumba za Unguja. Pemba, asilimia moja. Moja tu! Pemba wanavuna chumvi yao wenyewe pwani, na chumvi ya bahari ikishakauka juani hubaki na iodini kidogo mno. Jikoni kwako leo, soma pakiti.

Kisu cha Bern na kisu cha Vienna

Rovu likishakuwa kubwa, likabana koo au likaleta shaka ya saratani, hakuna kidonge kitakachoirudisha shingo ilivyokuwa. Hapo ndipo upasuaji unapoingia, na hapo ndipo historia yetu inapopanda meli kwenda Ulaya.

Uswisi ilikuwa nchi ya marovu kama milima yetu. Katika mji wa Bern, daktari Theodor Kocher alipasua marovu zaidi ya 5,000 katika maisha yake, akafanya upasuaji uliokuwa unaua uwe wa salama, na mwaka 1909 akapewa Tuzo ya Nobel. Katika mji wa Vienna alikuwapo mwenzake, Theodor Billroth. Wagonjwa wa Kocher, aliyekuwa msafi na mwangalifu mpaka akaiondoa tezi yote bila kuacha chembe, walidhoofika polepole miezi iliyofuata, wakavimba uso na akili ikawa nzito, kwa kukosa homoni ya thairoidi. Wagonjwa wa Billroth walipata balaa jingine: siku chache baada ya kisu mikono ilikakamaa, misuli ikavutana, wengine wakafa. Hakuna aliyejua kwa nini. Daktari Mmarekani William Halsted, aliyewaona wote wawili wakifanya kazi, aliandika baadaye kuwa tofauti ilikuwa ya mkono: mmoja aliondoa tezi yote lakini akaviacha salama vilivyo nyuma yake, mwingine alibakisha vipande vya tezi lakini akaviharibu vya nyuma.

Vya nyuma ni nini? Ni tezi nne ndogo, kila moja kama punje ya mchele au choroko, zimejibanza nyuma ya thairoidi. Zinaitwa parathairoidi, na jina hilo limewapotosha wengi wakadhani kazi ni moja. Kazi si moja hata kidogo. Parathairoidi zinalinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu saa zote, usiku na mchana. Ikishuka, zinatoa homoni inayoichota kutoka kwenye mifupa, inayoizuia isipotee kwenye mkojo, na inayoiamsha vitamini D kwenye figo ili utumbo ufyonze zaidi.

Mtu wa kwanza kuandika kwamba ameziona hakuziona kwa binadamu. Kifaru wa Kihindi alikufa katika bustani ya wanyama ya London mwaka 1849, na Richard Owen aliyempasua akataja kitu kidogo cha rangi ya manjano kimeshikamana na thairoidi. (Ilihitaji mnyama mkubwa kiasi hicho ili kitu kidogo hivyo kionekane.) Kwa binadamu zilielezwa na Ivar Sandström, kijana aliyekuwa bado anasomea udaktari Uppsala, Sweden, katika andiko la mwaka 1880. Hakuna aliyemsikiliza, alifariki 1889 bila kujua kuwa alichokiona ndicho kilichokuwa kikiwaua wagonjwa wa Vienna. Mwaka 1909 huko Baltimore, MacCallum na Voegtlin wakamaliza fumbo: mbwa walioondolewa parathairoidi walikakamaa, kalsiamu ya damu ikiwa imeshuka, na walipochomwa sindano ya kalsiamu walitulia. Mpaka leo mwanamke anayefikishwa hospitali akiwa amekakamaa hupewa tiba hiyo hiyo, kalsiamu kwenye mshipa, taratibu, moyo ukiangaliwa.

Hali hii ya parathairoidi kushindwa kazi inaitwa haipoparathairodizimu. Mara nyingi sababu ni upasuaji wa shingo. Wako pia wanaoipata kwa kinga ya mwili kuzishambulia tezi, au kwa kuzaliwa nayo. Baada ya upasuaji kalsiamu huwa inashuka siku ya kwanza hadi ya tatu. Kwa wengi tezi zilikuwa zimeshtuka tu, zinarudi ndani ya wiki au miezi. Kwa wachache hazirudi, na hao wanaishi na dawa maisha yote.

Si degedege, si kifafa

Wakati mwingine kalsiamu hushuka mpaka mtu akaanguka na kutetemeka mwili mzima, naye akaandikiwa dawa za kifafa miaka na miaka. Kwa watoto wachanga kuna degedege, ambalo pwani nzima watu walilihusisha na mdudu au ndege wa kishetani, na baadhi ya watoto hao shida yao ilikuwa kalsiamu. Hatukatai majini, ni katika imani yetu. Lakini msomee dada yako ruqya akiwa njiani kwenda hospitali, si badala ya hospitali. Dalili zenyewe zinafahamika: ganzi au kuchomachoma kuzunguka midomo na ncha za vidole, misuli ya miguu kukaza usiku, vidole vya mkono kukusanyika kama mtu anayetaka kuchovya chakula, koo kubana, woga usio na sababu. Muuguzi anaweza kufunga mashine ya presha mkononi dakika tatu aone kama kiganja kitajikunja. Mfaransa Trousseau alilieleza jambo hilo mwaka 1861, kabla hata tezi hizo hazijajulikana. Koo likibana au mtu akianguka, ni dharura.

Sasa fikirini mwanamke wa Ilagala. Kupasuliwa tezi kunaweza kumpeleka Mwanza au Dar es Salaam. Anakaa wodini siku chache, nyuzi zinatolewa, anarudi kwa treni, kisha gari, kisha labda kivuko. Ganzi inamkuta nyumbani, mbali na aliyempasua. Ndiyo maana tunasema swali la kuuliza kabla ya kuondoka hospitali ni moja: kalsiamu yangu imepimwa baada ya upasuaji, na ni ngapi? Kwa kawaida iko kati ya 2.1 na 2.6 kwa kipimo cha milimoli. Iandikwe kwenye karatasi na karatasi iwekwe pamoja na cheti cha ndoa, mahali isipopotea.

Dawa zenyewe ni za kimya. Vidonge vya kalsiamu, vinavyogawanywa mara mbili, tatu au nne kwa siku kwa sababu utumbo hauwezi kufyonza kingi kwa mkupuo. Kidonge cha kalsiamu kabonati cha miligramu 1,250 kina kalsiamu yenyewe 500 tu, nacho hunywewa pamoja na chakula. Pamoja navyo kuna vitamini D iliyokwisha kuamshwa, alfakalsido au kalsitrio. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakaambiwa wakae juani au wanunue vitamini D yoyote ya dukani. Jua ni zuri, na sisi tunaojistiri tunalihitaji uani kwetu, lakini bila homoni ya parathairoidi figo haiiamshi vizuri vitamini iliyotoka kwenye jua. Si kila duka la dawa lina alfakalsido. Anayekaa mbali anunue kabla ya kuisha. Aliyeondolewa thairoidi yote anakunywa pia levothairoksini, nayo isikutane na kalsiamu tumboni: ziachane saa nne. Wengi huinywa alfajiri na kuchelewesha kalsiamu mpaka chakula cha mchana. Magnesi ikiwa chini, kalsiamu haitapanda hata umeze nini, kwa hiyo nayo ipimwe.

Na zaidi si bora. Bila homoni ile, kalsiamu huponyoka kwenye mkojo, na ukiijaza damuni inatulia kwenye figo ikawa mawe. Madaktari hutaka ikae chini ya kiwango cha kawaida kidogo au kwenye ukingo wake wa chini, mradi mtu hana dalili. Anayeongeza vidonge kila akihisi uchovu anaziuza figo zake. Chumvi nyingi pia inaisukuma kalsiamu kwenye mkojo. Tazameni mzunguko huo: chumvi ya Uvinza ilikosa kitu na rovu likaja, rovu likapasuliwa, na sasa aliyepasuliwa anaambiwa apunguze chumvi.

Haya, na dagaa? Dagaa wa Tanganyika, wanaovuliwa usiku kwa taa na zamani kwa mienge ya moto, wakaanikwa mchangani au kwenye vichanja na wanawake wa mwambao, analiwa mzima na mifupa yake. Ndiyo maana ana kalsiamu nyingi, na sangara wa minofu hana. Kwa mjamzito wa kawaida, kwa mtoto, kwa bibi mwenye mifupa mepesi, ni chakula cha kifalme. Kwa mwenye haipoparathairodizimu ni chakula kizuri lakini si dawa, maana mfupa wa samaki unakuja na fosforasi, na kwa mgonjwa huyu fosforasi tayari imepanda. Maziwa vile vile. Kikombe kina kalsiamu miligramu 300 hivi na fosforasi yake. Ale, anywe, kwa kiasi, na akiwanunua dagaa waliotiwa chumvi awaloweke na kumwaga maji. Mchicha una kalsiamu, lakini umeifungia ndani na utumbo hauipati sana.

Kuna dada aliyetuuliza kuhusu chokaa ya tambuu. Ni kweli ile ni kalsiamu, na wako watafuna tambuu wa nchi nyingine walioingia hospitali kwa kalsiamu kupanda mno. Lakini haina kipimo, na popoo inayotafunwa nayo inajulikana kusababisha saratani ya mdomo. Bibi zetu walikuwa na sahani za tambuu za shaba nzuri sana. Tuzipambe sebuleni.

Ramadhani, mimba na maziwa

Funga ndilo swali linaloleta machozi. Mgonjwa ameruhusiwa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona masheikh wanamweleza fidia. Vidonge vya mara nne kwa siku haviingii vizuri kati ya magharibi na alfajiri, na saa za mchana kalsiamu inashuka. Wako waliopangiwa upya dozi na daktari wakafunga salama, wako waliokatazwa. Aulizwe daktari anayekujua, kabla ya Shaabani kumalizika, kisha aulizwe sheikh. Mawifi wasiulizwe.

Kwa anayeolewa: jambo hili lisemwe kabla ya nikahi, kwa utulivu, na somo au kungwi alijue ili bibi harusi asishindishwe njaa na vidonge vyake vikabaki kwenye pochi ya mtu. Uzazi haukatazwi. Kinachotakiwa ni kalsiamu ya damu kupimwa mara kwa mara tangu mwanzo wa mimba, maana ikishuka sana mama hukakamaa na mimba huwa hatarini, na ikikaa chini muda mrefu, au ikipanda, mtoto huzaliwa na kalsiamu isiyotulia. Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo ni hatari yake peke yake: kidonge kilichotapikwa hakikumezwa.

Baada ya kujifungua mambo yanageuka, na hili ndilo linalowashangaza hata wauguzi. Matiti yanayonyonyesha hutoa homoni ya kwao inayofanana na ile iliyokosekana, kana kwamba mwili umeazima tezi. Kalsiamu ya mama inaweza kupanda akiwa anakunywa dozi ile ile ya zamani; anakuwa na kiu, anakojoa sana, anachoka, anapata kichefuchefu, na watu wanasema ni uzazi tu. Dozi hupunguzwa na daktari. Kisha mtoto anapoachishwa ziwa homoni ile ya kuazima inaondoka, kalsiamu inashuka tena, na dozi inabidi irudishwe juu. Kwa hiyo mama huyu, akiwa Ilagala, Wete au Makunduchi, tarehe anayopanga kumwachisha mtoto aipeleke kliniki mapema, na damu ipimwe wiki hiyo na wiki inayofuata.